Mama Mkubwa Alipotafsiri Hotuba

Hadi leo, mtu akipuliza kipaza sauti kabla ya kusema, ule mpulizo wa fuu, fuu, halafu "haloo, haloo, moja mbili", mimi husikia harufu ya petroli. Petroli yenyewe haipo. Ilikuwapo zamani, kwenye jenereta la kukodi lililowekwa nyuma ya darasa la tatu, shuleni kwetu Kiwangwa, siku ya mahafali yetu ya darasa la saba. Juzi nilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu kule Dunda, mshereheshaji akapuliza kipaza sauti chake, nami nikaacha pilau sahanini nikawa nacheka peke yangu. Bibi mmoja niliyekaa naye akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni hadithi ndefu, akarudi kwenye nyama yake. Nyinyi mnaonisoma naona hamna haraka kama yule bibi, kwa hiyo acheni niwasimulie.

Shule yetu ilikuwa katikati ya mashamba ya mananasi. Ilikuwa na madarasa, ilikuwa na kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, na ilikuwa na walimu wakali wa kutosha. Kilichokuwa hakitoshi ni vyoo. Matundu yalikuwa matatu kwa shule nzima, na moja kati ya hayo lilikuwa la walimu, lenye kufuli. Saa ya mapumziko foleni ilianzia mlangoni ikazunguka bendera. Aliyeshindwa kuvumilia alikimbilia mananasini, na yeyote aliyewahi kuchuchumaa karibu na majani ya nanasi anajua kwamba shughuli hiyo hufanywa kwa uangalifu mkubwa. Wasichana wakubwa wengine walikuwa wakikosa shule siku kadhaa kila mwezi. Sisi wenzao tuliokuwa hatujafika huko tulidhani wana bahati tu ya kuugua mara kwa mara.

Basi ilipokaribia siku ya mahafali, Mwalimu Mhando akasema mwaka huu risala ya wahitimu itakuwa ya vyoo. Mwalimu Mhando, aliyetufundisha Kiswahili, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Aliamini hakuna shida duniani isiyoweza kuondolewa na risala iliyosomwa vizuri. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kupatikana: Bwana Dihenga, mzaliwa wa huko huko kwetu, aliyekuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi Lugoba, penye barabara kuu. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba anataka kugombea, na kweli mwaka ule alikuwa hakosi msiba wala harusi.

Msomaji wa risala nikachaguliwa mimi. Sikuchaguliwa kwa akili, maana walikuwapo walionizidi. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nikiita mbuzi kutoka uani na watu wa barabarani wakageuka. Nyumbani sauti hiyo ilikuwa ikiniletea makofi, shuleni ikaniletea cheo.

Kila siku baada ya masomo tulibaki darasani mimi na Mwalimu Mhando. Yeye alikaa dawati la nyuma kabisa, mikono kifuani, akijifanya mgeni rasmi mwenye moyo mgumu, nami nikasimama mbele kumlainisha. Nikimaliza ananirudisha mwanzo.

"Hawa, wewe unaomba au unaamrisha?" aliniuliza. "Hapo unaposema matundu matatu, tulia. Waache watu wahesabu wenyewe. Na hapo kwenye watoto wa kike, shusha sauti. Mtu akishushiwa sauti huinama kusikiliza, na aliyekwisha kuinama ni rahisi kumwomba."

Maneno hayo niliyaona makubwa sana. Nilirudi nyumbani nikayafanyia mazoezi kwa kuku. Nyumba yetu na ya mama mkubwa Zena zilikuwa ua mmoja. Mama mkubwa ni dada yake mama, mjane, mnene, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na alikuwa akiuza mananasi kwa jumla kwa wenye malori ya kutoka Dar es Salaam. Wenye malori hao walikuwa wakimwogopa, ingawa sikuwahi kumsikia akiwagombeza. Jioni moja alinisikiliza nikihutubia kuku mpaka mwisho, huku akimenya muhogo.

"Risala nzuri," akasema. "Lakini mbona hamumshukuru huyo mgeni?"

"Mama mkubwa, tumshukuru kwa lipi, na hajatupa kitu?"

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kumenya. Nikaona hajaelewa mambo ya risala.

Siku ikafika. Makochi ya mwalimu mkuu yalibebwa kichwani kutoka nyumbani kwake yakapangwa chini ya turubai, yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Skauti walipiga gwaride, darasa la nne wakacheza ngoma, Bwana Dihenga akavishwa taji la karatasi za kumetameta lililomwasha shingo tangu mwanzo hadi mwisho. Akina mama walikaa mbele kwenye mikeka. Akina baba walikaa nyuma kwenye madawati, karibu na njia ya kutokea, baba yangu akiwa wa mwisho kabisa, baiskeli yake imeegemea mti.

Sasa kumbe Mwalimu Mhando hakulala vizuri. Alihofu kwamba nikiona watu wengi nitasahau pa kutulia na pa kushusha sauti. Kwa hiyo alfajiri alikaa akainakili risala upya kwa mwandiko wake mzuri, na mafunzo yote akayaandika humo humo, kila moja mahali pake, ndani ya mabano. Akanikabidhi karatasi dakika chache kabla sijaitwa. Akaniambia, "Kila kitu kimo humo, Hawa. Wewe soma tu."

Nami ni mtoto mtiifu. Nikapuliza kipaza sauti, fuu, fuu, kama nilivyomwona mshereheshaji akifanya, nikasoma.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nilimsalimu mgeni rasmi, nikawasalimu walimu, wazazi na wageni waalikwa. Kisha nikafika penyewe.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasoma kwa ile sauti ya kuita mbuzi, "shule yetu ina matundu matatu tu ya vyoo. Tulia kidogo, watu waingiwe na uchungu."

Pakawa kimya. Nikadhani uchungu umewaingia. Nikaendelea.

"Hebu fikiria, mgeni rasmi, mtazame usoni, kwamba aliyesimama kwenye foleni ile ni binti yako wa kumzaa. Shusha sauti."

Hapo mikekani pakaanza kutikisika. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Nikainua macho nikamwona Mwalimu Mhando kando ya turubai, anatikisa kichwa na kupunga mikono miwili kuelekea chini. Nikadhani ananiambia kwamba sisikiki kule nyuma. Nikapandisha sauti.

"Hali hii inatuumiza sana sisi watoto. Kama machozi hayaji, pangusa jicho."

Nikapangusa jicho.

Sijapata tena kuona watu wakicheka vile. Skauti waliokuwa wamesimama wima wakajikunja. Mwalimu mkuu alijifanya anatafuta kitu chini ya kochi. Bwana Dihenga mwenyewe alicheka hadi taji likamshukia begani, akalishika, akacheka tena. Mimi nilisoma mpaka mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa kusoma, na mwisho wenyewe ulikuwa: "Ahsante kwa kunisikiliza. Inama, rudi taratibu, usikimbie." Nikainama. Hilo la kutokimbia sikuliweza.

Nilikwenda kujificha nyuma ya mama na mama mkubwa kwenye mkeka. Nilikuwa bado sijajua kosa langu ni lipi, ila nilijua ni kubwa. Mama alinivuta akanilaza mapajani. Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa akimtazama Bwana Dihenga kama anavyomtazama dereva wa lori anayeshuka kuja kupatana bei.

Bwana Dihenga akasimama. Na hapa lazima niseme kweli, yule bwana alijua kuzungumza. Alisalimia kwa salamu za Waislamu, akasalimia za Wakristo, akasalimia kwa Kikwere, na kila salamu ikaitikiwa na watu wake. Alisema yeye si mgeni, ni mtoto wa hapa, kakua kwa mananasi haya haya, na miguu yake hii ilikanyaga mchanga huu bila viatu. Alitutazama, akatulia kidogo. Kisha akashusha sauti.

"Wazazi wangu, risala nimeisikia. Nimeipokea. Na nimeguswa." Makofi. "Suala la vyoo ni suala mtambuka." Makofi makubwa zaidi, kwa kuwa neno lilikuwa geni na zuri. "Linahitaji mchakato shirikishi. Mimi pamoja na wadau tutalifanyia kazi, na niwahakikishie kwamba liko moyoni mwangu." Akina mama wakapiga vigelegele. Mwishoni akatoa mpira mmoja wa miguu, mpya, ukiwa bado kwenye mfuko wake, akakaa.

Mimi nilifurahi. Niliinua kichwa nikamwambia mama mkubwa kwamba tumepata vyoo.

"Kasema lini?" akaniuliza.

"Kasema atalifanyia kazi."

"Nimekuuliza lini."

Nikafikiri. "Hakusema lini."

"Na kasema vingapi?"

"Hakusema."

Mama mkubwa akajifunga khanga vizuri kiunoni. Kwa kawaida neno la shukrani lilitolewa na mwenyekiti wa kamati ya shule, lakini siku ile mwenyekiti alikuwa msibani, na mshereheshaji akatangaza kwamba atashukuru mjumbe wa kamati, Bi Zena, kwa dakika mbili tu maana chakula kiko tayari. Mama mkubwa aliinuka polepole, akaniambia nimsindikize nimshikie waya wa kipaza sauti usimkwaze. Ndivyo nilivyorudi mbele ya watu walionicheka, na ndiyo sababu niliyaona yote kwa karibu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo," akaanza.

"Marahaba, Bi Zena."

"Tunakushukuru kwa kuja. Tunakushukuru kwa mpira. Wazazi wenzangu, mheshimiwa amezungumza maneno mazito, ya kisomi. Sisi wengine ni watu wa shamba, tunaweza kwenda nyumbani tumeelewa nusu, ikawa tumemvunjia heshima. Kwa idhini yake, naomba niwatafsirie."

Bwana Dihenga akatabasamu, akatoa idhini kwa mkono. Angefanya nini mtu wa watu?

"Mheshimiwa amesema suala hili ni mtambuka. Mtambuka ni kutambuka, yaani kuvuka. Suala limevuka kutoka mikononi kwetu, limefika mikononi kwake. Ahsante, mheshimiwa, kwa kulipokea. Wewe mwenyewe umesema umelipokea."

Watu wakaanza kuguna kwa raha. Tabasamu la Bwana Dihenga lilibaki palepale, ila macho yake yalikuwa yameacha kulisaidia.

"Amesema atalifanyia kazi. Sasa mwalimu akisema atafanya kazi, ni kufundisha. Mkulima akisema atafanya kazi, ni kulima. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akisema atafanya kazi, kazi yake itakuwa ipi, jamani?"

"Saruji," akajibu mama mmoja kutoka mkekani.

"Mimi sikusema. Mmesema wenyewe. Ahsante sana, mheshimiwa, kwa saruji. Idadi ya mifuko siitaji mimi, nisije nikakupunja. Utaitaja mwenyewe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika, nadhani, hadi barabarani. Kule nyuma akina baba nao walikuwa wakishangilia, wanapigana mabega, wanafurahia namna tajiri alivyobanwa. Baba yangu alicheka akapangusa macho. Halafu akaona kwamba shughuli imefika ukingoni na foleni ya chakula itakuwa ndefu, akanyanyuka taratibu aende kuichukua baiskeli yake aisogeze karibu na masufuria.

"Amesema pia kuna wadau," mama mkubwa akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa laini kabisa. "Wadau ni kina nani? Ni hao akina baba waliokaa kule nyuma. Saruji haichimbi shimo. Nami nawashukuru kwa niaba ya akina mama wote, maana naona wamekwisha kuelewa kabla sijamaliza. Tazameni, shemeji yangu baba Hawa ameshasimama. Yeye ni wa kwanza kujitolea kuchimba. Mpigieni makofi."

Mikeka yote iligeuka. Baba alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele, mkono umenyooshwa kuelekea baiskeli. Niliona uso wake ukipita mambo mengi kwa muda mfupi. Angekaa, angeonekana kagoma. Angeondoka, angeonekana kakimbia. Akaubadili ule mkono ulionyooshwa, akauinua juu kama anayepunga, na makofi yakamfunika. Wa kando yake, walioshindwa kuvumilia kumwona akisifiwa peke yake au walioona hakuna njia, nao wakasimama. Mama mkubwa akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, ili baadaye asitokee wa kusema hakuwapo.

Bwana Dihenga alirudi kwenye kipaza sauti. Alikuwa anacheka, tena kicheko cha kweli, cha mtu aliyekutana na fundi mwenzake. "Bi Zena amenitafsiri vizuri kuliko nilivyosema," akasema, akataja mifuko ishirini. Mama mkubwa akamshukuru kwa hiyo ishirini ya kuanzia.

Nisiwadanganye kwamba lori la saruji lilikuja kesho yake. Halikuja wiki hiyo wala iliyofuata. Mama mkubwa hakulalamika. Alichagua mananasi mazuri, akapanda basi hadi Lugoba, akaingia dukani kwa Bwana Dihenga wakati wateja wamejaa, akamshukuru kwa sauti kwa ile saruji iliyo njiani. Bwana Dihenga akala nanasi. Mama mkubwa alipoonekana mara ya pili pale dukani na kikapu, alikuta vijana wanapakia mifuko garini.

Akina baba walichimba. Walichimba wakinung'unika, hasa baba, ambaye kila jioni alirudi na udongo mwekundu magotini na kumwambia mama kwamba dada yake angefaa kufungiwa ndani siku za mikutano. Lakini hakukosa kwenda. Mtu aliyepigiwa makofi na kijiji kizima atakosaje? Vyoo vilisimama, vya wavulana upande huu na vya wasichana upande ule, na kimoja cha wasichana kilikuwa na chumba kidogo chenye mlango na ndoo ya maji, ambacho mama mkubwa alikipigania kwenye kamati bila kueleza sababu mbele ya wanaume. Ukutani Bwana Dihenga alileta mchoraji akaandika kwamba vyoo hivi ni msaada wake. Baadaye aligombea, akashindwa, lakini sidhani kama vyoo vilihusika.

Mwalimu Mhando hakunichapa. Alinikuta siku ya kuchukua vyeti, akasema, "Hawa, mabano hayasomwi." Ni leo tu, baada ya kukaa kwenye mikutano mingi ya wakubwa, ndipo nimeona kwamba hotuba ya Bwana Dihenga nayo ilikuwa na mabano yake yote, pa kutulia, pa kushusha sauti, pa kutaja miguu isiyo na viatu. Yeye alijua tu kutoyasoma.

Na nilianza kuyatazama mambo ya nyumbani kwa macho mengine. Nilikumbuka kwamba mama mkubwa hakupata kuniamuru kufua nguo zake hata siku moja. Alinishukuru. "Ahsante mwanangu kwa kunifulia," angesema, beseni likiwa bado kavu, nami ningejikuta nimeshika sabuni. Wale wenye malori pia, niliposikiliza vizuri, walikuwa wanashukuriwa kwa bei ambayo walikuwa bado hawajaitaja.

Ila lipo moja lililoniudhi utotoni na likakaa muda mrefu. Hakuna aliyemtaja mama mkubwa. Ukutani pana jina la Bwana Dihenga, na mitaani akina baba walijisifu kwa mashimo yao. Nilimwendea nikamwambia si haki, watu waambiwe kwamba ni yeye aliyewabana wote.

"Wakishajua nimewabana," akaniuliza, "mwakani tukitaka madawati nitampata nani?"

Nililiona jibu la ujanja ujanja, sikuridhika.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiwangwa na wanangu. Baba sasa ni mzee, anatembea na fimbo, na anapenda kuwasimulia wajukuu. Alikuwa amekaa kibarazani, wanangu wamemzunguka, anawaambia jinsi shule ilivyokuwa haina vyoo, wazazi wote wamekaa tu wanacheka, mpaka yeye alipoona haiwezekani, akasimama. Hakuna aliyemwambia, alisema. Alisimama wa kwanza, akainua mkono, ndipo wengine wakafuata. Alionyesha jinsi alivyouinua. Nilimtazama nikaona hadanganyi. Kwa miaka yote hii ndivyo anavyoikumbuka siku ile, na mtu anayeikumbuka hivyo ndiye aliyechimba kisima cha msikiti na kufukia mashimo ya barabara bila kuitwa na mtu.

Mama mkubwa alikuwa pale pale, anammiminia chai. Mwanangu wa kike akamgeukia akamwuliza kama ni kweli babu alisimama wa kwanza.

"Wa kwanza kabisa," akasema mama mkubwa, akamwongezea sukari. "Nilikuwapo. Nilimwona kwa macho yangu."